Nina VVU na homa ya ini B, mbona sikupewa dawa ya ini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, natumia ARV tangu 2017, na kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha havionekani. Mwezi uliopita kliniki walinipima homa ya ini B, wakanikuta ninayo. Nikarudishwa nyumbani na vidonge vyangu vilevile vya ARV, TLD. Je, wamenisahau? Na ile sindano ya kila miezi miwili ninayoisikia, nikiipata niache vidonge?

JIBU: Marahaba dada. Hawakukusahau. Dawa ya ini unaimeza kila siku. Ndani ya TLD mna tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na hizo mbili za kwanza zinapambana na virusi vyote viwili. VVU na kirusi cha homa ya ini B si ndugu, lakini vyote hujinakili kwa kugeuza RNA kuwa DNA, yaani aina moja ya vinasaba kuwa nyingine, na hapo ndipo tenofovir inapovikatia njia. Kama dawa zako za 2017 nazo zilikuwa na tenofovir, ini lako limelindwa miaka yote hiyo bila wewe kujua.

Sindano sasa. Hapa naomba unisikilize sana. Ile ya cabotegravir na rilpivirine inadhibiti VVU, ila homa ya ini B haiigusi. Ukiacha TLD ukachomwa hiyo peke yake, kirusi cha ini kinaweza kuamka kwa kishindo: macho ya njano, tumbo kujaa maji, wengine ini hushindwa kabisa wakafariki. Hatari ni hiyohiyo kwa anayeacha dawa kwa sababu anajisikia mzima, au zilimwishia safarini. Hata kidonge chenye dolutegravir na lamivudine tu hakikufai, maana lamivudine ikibaki peke yake dhidi ya homa ya ini B, kirusi hujenga usugu. Kwa hiyo kila anapotaka mtu kukubadilishia dawa, hata kama sababu ni tatizo la figo, mwambie kwanza kwamba una homa ya ini B. Tenofovir ikiondolewa, lazima iwekwe nyingine inayolinda ini.

Na jibu la “havionekani” ni la VVU tu. Ini lina vipimo vyake: vimeng'enya vya ini na, panapowezekana, wingi wa virusi vya homa ya ini B. Uliza pia kuhusu ultrasaundi, kwa kuwa kirusi hiki kinaweza kuleta saratani hata kwa ini ambalo halijasinyaa. Pombe iache kabisa, na mahindi au karanga zenye ukungu usile. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu huo, na homa ya ini B vikikutana, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Usikimbilie kumshuku mumeo. Wengi wenye homa ya ini B hapa Afrika waliambukizwa utotoni, kutoka kwa mama au kwa watoto wenzao. Yeye apimwe, akiwa hana maambukizi wala kinga, achanjwe dozi tatu: ya kwanza siku hiyohiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.