Maji Yamepimwa, na Tope Je?

SWALI: Ndugu Mhariri, kando ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, tunalima mchicha na matembele. Tunasikia kwamba maji ya mto yakipimwa hukutwa na metali nzito kidogo tu, ilhali tope la chini lina nyingi zaidi. Inawezekanaje mto mmoja utoe majibu mawili? Na tope linalochotwa baada ya mafuriko, je, tunaweza kulitandaza bustanini?
Mkulima, Vingunguti

JIBU: Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa sahihi. Maji yaliyochotwa saa nne asubuhi hueleza hali ya mto wa saa hiyo. Kiwanda kikifungulia majitaka usiku, mpimaji wa mchana hatayaona. Tope hutunza ya miaka mingi. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, hivyo jumla ya nyuso zake ni kubwa, na nyuso hizo zina chaji hasi inayovuta risasi, shaba, zinki na kadmiamu, ambazo aghalabu huwa na chaji chanya zinapoyeyuka majini. Utando wa oksaidi za chuma na manganizi juu ya chembe hizo, pamoja na mabaki ya mimea iliyooza, nao hunasa metali.

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Jiji huulisha kila siku: majitaka ya viwandani na majumbani, oili chafu ya gereji, vumbi la matairi lenye zinki na la breki ambalo mara nyingi lina shaba. Hata risasi ya petroli, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliacha kuiongeza kufikia mwaka 2006, haikuoza. Sehemu iliyozama ingali huko chini.

Jambo ambalo karatasi ya maabara mara nyingi hailisemi, nami naliona kuwa zito kuliko tarakimu yenyewe, ni hali ya kikemikali ambamo metali hiyo imo. Majitaka yakiwa mengi, bakteria humaliza oksijeni iliyomo kwenye tope, na baadhi yao huanza kutumia salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) na kutoa salfaidi (salfa isiyo na oksijeni). Ndiyo sababu ya weusi wa tope na harufu ya mayai viza. Salfaidi hiyo hushikamana na risasi, zinki, shaba na kadmiamu, zikawa kitu kisichoyeyuka kwa urahisi. Maadamu tope limelala bila hewa, metali nyingi zimefungwa humo. Ukilichota na kulianika, oksijeni hugeuza salfaidi kuwa salfeti, asidi huongezeka, na metali zilizokuwa zimefungwa huanza kuyeyuka na kufikia mizizi. Kwa hiyo msilitandaze bustanini kabla ya kupimwa, hata kama linaonekana na rutuba, na kwa kweli rutuba linayo.

Mkilipeleka kupimwa, ombeni lichekechwe kwanza, maana mchanga mnene hushika metali kidogo kuliko tope laini. Maabara nyingi hutumia chembe zilizo chini ya milimita 0.063. Chukueni pia sampuli ya mkondo wa juu, kabla ya jiji, ili mlinganishe, kwa sababu risasi ipo kiasili kwenye miamba, wastani wa takriban miligramu 17 kwa kilo.

SWALI: Huku Geita tunakamatishia dhahabu kwa zebaki, kisha marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanauzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Je, zebaki iliyobaki huisha huko?
Mchimbaji mdogo, Geita

JIBU: Haiishi, bali hupewa miguu. Sayanaidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na zebaki iliyoyeyuka namna hiyo husafiri mbali kuliko matone mazito yanayozama karibu na mwalo, pale mnapooshea dhahabu. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi zichukue hatua za kukomesha kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza. Agizo hilo ni la kikemia kabisa, wala si urasimu.

Zebaki ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria walewale wanaotumia salfeti wanaweza kuigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, ambayo huingia kwa wadudu wa majini, kisha samaki wadogo, kisha wanaowala, ikiongezeka kila hatua. Zaidi ya hapo, miamba yenu ya dhahabu mara nyingi ina madini ya salfaidi, mengine yakiwa na aseniki, ambayo ni sumu. Yakisagwa na kuachwa mvuani hutoa asidi na aseniki hata pale ambapo hakuna aliyetumia zebaki. Anayetaka kujua hali ya kijito chenu apime tope chini ya mialo, pamoja na samaki wakubwa walao wenzao.