Uvimbe kwenye kizazi: kutoa uvimbe au kutoa kizazi chote?

Pole sana mdogo wangu. Umeandika una miaka 34, hujazaa, hedhi inatoka na mabonge siku 9. Daktari mmoja kasema kizazi kitolewe, mwingine kasema atoe uvimbe tu, na unauliza nani mkweli. Huenda wote wawili. Wa kwanza anataka damu isikusumbue tena maishani, wa pili anakuwekea nafasi ya mtoto. Swali ni wewe unataka nini.

Mimi nilitolewa uvimbe nikiwa na miaka 33, dada yangu alitolewa kizazi akiwa na 46. Tumeuguzana.

Nilichelewa mwaka mzima. Tumbo lilifika la mimba ya miezi minne, majirani wakaanza kunipa hongera. Kwenye daladala nilisimama hata siti ikiwa wazi, nikiogopa kuichafua. Mwaka wote huo nakunywa dawa za "kusafisha kizazi", chupa baada ya chupa, na uvimbe unakua vilevile. Nilipopimwa, wingi wa damu ulikuwa 6.2. Daktari akasema kisu kisubiri. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu (usimezee chai, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini), vya traneksamiki kupunguza damu siku za hedhi, na sindano ya kila mwezi ya kuzima homoni ili uvimbe usinyae. Sindano ile ilinichemsha usiku kama mama wa miaka 50, ila miezi mitatu sikuona hedhi na damu ikapanda hadi 10. Ukiiacha, uvimbe hukua tena, kwa hiyo usiambiwe ndiyo tiba yenyewe.

Walitoa vinundu saba. Wiki sita sikugusa ndoo. Daktari alishanionya kuwa ukuta wa kizazi umekatwa kwa kina, uchungu ungeweza kupasua kovu, hivyo mtoto akija atatoka kwa upasuaji. Alikuja, na ndivyo alivyotoka. Miaka mitano baadaye ultrasaundi ikaonyesha vinundu vingine viwili. Hiyo ndiyo kasoro ya njia hii. Havinisumbui, naviangalia tu, maana hedhi ikishakoma kwa kawaida husinyaa.

Dada alikuwa na watoto wanne na hakutaka wa tano. Kizazi kikatoka, ovari (vifuko vya mayai, vinavyotoa homoni za kike) zikabaki, kwa hiyo hakuzeeka ghafla kama mashoga zake walivyomtisha. Kilichomuuma ni maneno ya ukweni, eti amebaki gogo. Mwezi wa pili alinikabidhi pakiti za pedi alizokuwa ameweka akiba: "Chukua, mimi zimeniisha kazi." Alikuwa anacheka.

Kabla ya kuamua, ulizia uvimbe wako umekaa wapi. Hapo ndipo wengi tunapokosea, tunauliza ukubwa tu. Ulioingia ndani ya tundu la kizazi, hata wa sentimita 2, unaweza kumwaga damu na kuzuia mimba, na mara nyingi huo hutolewa kwa kamera inayopitishwa ukeni bila kupasua tumbo. Ulioota upande wa nje waweza kufika sentimita 8 ukakaa kimya. Kuna na kitanzi chenye homoni, kinapunguza damu, lakini ni kinga ya mimba, hakikufai kama unatafuta mtoto sasa.

Kwa umri wako, mimi ningemfuata daktari wa pili. Ila jua hili: kwenye fomu ya ridhaa kulikuwa na mstari kwamba damu ikishindikana kuzuilika, kizazi kitatolewa ili kuokoa maisha. Niliusoma mara tatu. Nikamuuliza daktari, "Imeshawahi kukutokea?" Akasema ndiyo, mara mbili, akanieleza kila mmoja alikuwaje na sasa yukoje. Nikasaini.