Uliza Fundi: Tableti yangu ya kusomea vitabu inagoma kuongeza apu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, watu wana zile tableti za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya kusoma vitabu, wanataka ziwafanyie na kazi nyingine, na duka la apu lililomo ndani halina wanachotafuta. Nimechagua tano.

Shikamoo fundi. Nina Fire 7 ya Amazon, dada yangu alinipa baada ya kununua nyingine. Vitabu vya Kindle nasoma vizuri tu, ila nataka kamusi pamoja na kitu cha kufungulia EPUB maana nina vitabu vingi vya hivyo kwenye kompyuta, na kwenye duka lake sioni ninachotaka. Rafiki yangu anasema lazima niiruti kwanza ndo itakubali. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na nakuomba usiguse habari za kuruti kabla hujamaliza kusoma hapa.

Ndani ya Fire kuna mfumo unaoitwa Fire OS, na huo umejengwa juu ya Android. Yani chini kabisa ni Android ileile ya simu yako, ila Amazon wametoa sehemu ya Google wakaweka duka lao na huduma zao. Ndo maana faili la apu ya Android, lile linaloishia na APK, linakubali kukaa humo bila shida yoyote, ni wewe tu kulifungulia mlango. Kuruti ni jambo lingine kabisa, ni kujipa mamlaka ya kugusa mafaili ya ndani ya mfumo ambayo mtengenezaji ameyafunga, na kwa kamusi na vitabu vya EPUB huhitaji mamlaka hayo hata kidogo, itakuwa unavunja ukuta wakati mlango upo.

Mlango wenyewe uko kwenye setingi, sehemu ya usalama na faragha, kuna mahali pa kuruhusu apu kutoka vyanzo visivyojulikana. Matoleo ya zamani kidogo ni kitufe kimoja tu unawasha, matoleo mapya yanakuuliza unairuhusu apu ipi ilete wageni, hapo chagua Silk ambayo ndo brauza yake. Ukishamaliza kuweka vitu vyako rudi ukaizime, watu wanaisahau ikiwa wazi miezi na miezi, na siku mtoto akibonyeza tangazo la ajabu kwenye brauza ndo mnaanza kutafutana.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Kila mtu atakwambia weka Play Store. Mimi nakuuliza kwanza, unahitaji apu ngapi? Kama ni mbili tatu, achana na Play Store. Ingia F-Droid, ni duka la programu huria ambalo lipo tangu 2010, faili lake ni dogo, halikuulizi akaunti wala paswedi, na ndani yake utaipata KOReader ambayo inafungua EPUB, inafungua PDF, na ile PDF iliyoskaniwa yenye kingo nyeupe pana inazikata zile kingo mpaka maandishi yanajaa kioo. Kwa inchi 7 hilo si jambo dogo, jaribu kurasa mbili na kingo zake halafu mbili bila kingo, macho yako yatakwambia yenyewe. Kamusi pia KOReader inaweza kubeba ndani yake, unashika neno kwa kidole sekunde moja maana inatokea, hutoki kwenye kitabu.

Sababu yangu ya kusema hivo ni rami, ile memori ambayo tableti inaitumia wakati inafanya kazi. Fire 7 za 2015, 2017 na 2019 zote zina GB 1 tu, ile ya 2022 ndo ikapata 2. Play Store haiji peke yake, inakuja na Play Services ambayo inafanya kazi nyuma muda wote hata kama hujafungua chochote, na kwenye GB 1 utaiona tofauti siku hiyohiyo, ukigeuza ukurasa inasita, ukitoka kwenye kitabu ukirudi inaanza kufungua upya. Tableti nzuri ya kusomea inageuka tableti mbaya ya kila kitu. Nimeona zimerudishwa kwangu hivo, mwenyewe anasema imechakaa, nikitoa nilichokikuta humo inarudi kuwa kama alivyoinunua.

Fundi salama? Mimi Play Store naihitaji kweli, kuna apu ya darasa la mtoto wangu ipo huko tu. Nimefuata video hatua kwa hatua, nikaweka yale mafaili manne, lakini Play Store nikiifungua inajifunga yenyewe, na kuna ujumbe unatokea kila dakika kwamba Play Services imesimama. Nimeiua?
*Mama wa wawili*

Salama dada yangu, na hapana hujaiua, tulia kabisa. Hilo ndo kosa linalotokea kuliko yote na linarekebishika mezani kwako.

Mafaili ni manne na yanategemeana kama ngazi: Google Account Manager, halafu Google Services Framework, halafu Google Play Services, mwisho Google Play Store. Ukiruka moja au ukiyabadilisha mpangilio linalokuja juu linakosa pa kukanyaga. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza nahisi mpangilio wako uko sawa, tatizo ni toleo, maana watengeneza video hawajui wewe una Fire OS namba ngapi. Fire OS 5 imetoka kwenye Android 5.1, Fire OS 6 kwenye Android 7.1, Fire OS 7 kwenye Android 9, na 8 kwenye Android 11. Ukiweka Play Services iliyopangwa kwa Android 9 kwenye Fire OS 6 ndo unapata huo ujumbe wa kusimama kila dakika.

Kuna na jambo la prosesa. Kwenye ukurasa wa kudaunlodi utaona faili moja limeandikwa arm64-v8a na jingine armeabi-v7a, la kwanza ni la mfumo wa biti 64 na la pili ni la biti 32. Hapa jina la tableti halitoshi, maana zipo ambazo prosesa yake inaweza 64 lakini mfumo uliomo ndani ni wa 32, na mfumo ndo unaoamua.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwenye setingi, sehemu ya kuhusu kifaa, andika kwenye karatasi jina kamili la modeli pamoja na namba ya Fire OS. Kwenye karatasi, si kichwani, maana utakuwa unabadilisha kurasa na zile namba zinafanana. Halafu toa yale mafaili manne uliyoweka kuanzia la mwisho kurudi nyuma. Kama una memori kadi ichomoe sasa hivi, hii watu wengi hawaambiwi, zikikaa kwenye kadi badala ya ndani ya mashine zinaleta tabia hizohizo unazoziona. Zima uwashe.

Daunlodi yote manne kwanza kutoka tovuti ya APKMirror, hao wanakagua sahihi ya kila faili kama ni ya mwenyewe aliyetengeneza, tofauti na zile tovuti zinazokupa apu iliyochezewa. Yakishakamilika yaweke kwa mpangilio ule, na kila moja likimaliza linakupa vitufe viwili, cha kufungua na cha kumaliza, wewe bonyeza kumaliza. Usifungue chochote mpaka la nne limeingia. Zima, washa, ndo ufungue Play Store uweke akaunti. Baada ya hapo iache kwenye chaja na waifai kama robo saa hivi usiiguse, yenyewe inajiapdeti kimyakimya na katikati ya hiyo kazi itaonekana kama imeganda, hapo ndo wengi wanakata tamaa wanaanza upya bila sababu.

Nikwambie na hili mapema usije ukahangaika baadaye: Fire haijathibitishwa na Google, kwa hiyo apu za benki na baadhi ya za kutazama filamu zinaweza kuingia vizuri halafu zikakataa kufunguka. Hapo hujakosea chochote, zenyewe zinakagua kama mashine imethibitishwa. Kama ya darasa la mtoto ni ya kawaida sioni kwa nini ikukatae.

Habari kaka. Nimeona mtu ameondoa mfumo wote wa tableti yake ya kusomea akaweka Android safi. Nataka na mimi. Hatari yake ni nini hasa?
*Msomaji asiyependa matangazo*

Hatari yake ni hii nitakayokusimulia, maana ilinikuta mwenyewe. Nilikuwa na tableti ya kusomea, kampuni nitaiacha, nikasoma kwamba toleo la zamani la mfumo wake lina upenyo wa kuruti na jipya limeziba. Nikajiambia basi narudisha la zamani. Nikapata faili, nikaunganisha kwenye kompyuta, mstari ukasoma mpaka asilimia 100, ikajizima ili iwake upya. Haikuwaka. Hakuna nembo, hakuna taa, nikiweka chaja hata ile alama ya betri haiji, kioo cheusi kabisa mpaka naona uso wangu. Nilikaa nayo usiku ule mpaka alfajiri nikibadilisha waya.

Nilichokuja kujua ni kwamba mashine nyingi za siku hizi zina kizuizi cha kurudi nyuma, sehemu ile inayowasha mfumo ina namba yake, ukiipa toleo lenye namba ndogo kuliko iliyokwisha kuandikwa inakataa kuwaka kabisa. Na ikishakataa pale mwanzo hakuna menyu ya kukuokoa. Ndo maana mtu akiniuliza habari ya kubadilisha mfumo swali langu la kwanza ni toleo lililomo sasa ni lipi, na la pili ni je, kuna watu wenye modeli hiyohiyo na toleo hilohilo waliofanikiwa. Modeli inayofanana jina haitoshi, mwaka ukitofautiana ndani ni mashine nyingine.

Baadhi ya Fire za zamani zilifunguliwa kwa kuzibandua mgongo na kugusisha nukta mbili kwenye bodi kwa waya wakati inawaka. Inafanya kazi, ila ni kazi ya mtu aliyezoea kushika bodi, na mwenye tableti moja tu simshauri. Kama kinachokukera ni matangazo na apu usizozitumia, njia nyepesi ni kuwasha chaguo za wasanidi kwa kugonga namba ya siriali mara 7, ukaunganisha kompyuta na kutumia ADB, programu ya kuipa tableti amri kutoka kwenye kompyuta, kuzizima zile apu kwenye akaunti yako tu ya tableti hiyo. Hazifutiki, zinalala, ukibadili mawazo unaziamsha. Hata hapo usizime kitu ambacho hujui kazi yake, anza na moja, tumia siku mbili, ndo uende ya pili. Na hakikisha waya wako unapitisha data, waya nyingi za chaja zinapitisha umeme tu na kompyuta haitaiona tableti hata ufanyeje.

Kuhusu sheria, Marekani waliombwa kuruhusu watu kuvunja kufuli la mfumo wa tableti zao mwaka 2012 wakakataa, mwaka 2015 wakakubali. Nchi nyingine zina taratibu zake. Waranti kwa kawaida unaiaga.

Fundi, nina Nook Color ya zamani kabisa, bado inashika chaji. Naweza kuiwekea apu za kisasa?
*Mstaafu mpenda vitabu*

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa, maana hiyo ndo iliyotufundisha wengi. Barnes & Noble, wauza vitabu wa Marekani, waliitoa Novemba 2010, na ilikuwa na tabia moja nzuri sana, ikiwashwa inaangalia kadi ya microSD kwanza kabla ya memori yake ya ndani. Kwa hiyo watu walikuwa wanaweka mfumo mzima wa Android kwenye kadi, unachomeka unawasha ni tableti kamili, unachomoa unawasha imerudi kuwa kisomeo kama ilivyotoka kiwandani, hakuna kilichoguswa ndani. Ukiharibu, umeharibu kadi tu. Sijaona mpango wa usalama bora kuliko huo kwenye mashine yoyote ya kusomea iliyokuja baadaye.

Ila apu za kisasa hapana mzee wangu. CyanogenMod 7, ule mfumo wa kuweka kwenye kadi uliokuwa unapendwa juu yake, ni Android 2.3, na Google walifunga kuingia akaunti kwenye simu na tableti za 2.3.7 kushuka chini tangu tarehe 27 Septemba 2021. Rami yake ni MB 512. Usiipotezee siku. Inasoma EPUB na PDF bila kuongezwa kitu, jaza kadi vitabu, zima waifai, chaji itakaa muda mrefu zaidi.

Je, hizi njia zinafaa kwa Kindle ile ya kioo cha wino, nyeusi na nyeupe?
*Wa mwisho*

Hapana ndugu yangu, jina ni la familia moja lakini ndani ni tofauti. Kindle ya wino inatumia Linux isiyo Android, APK haitaingia, na Kobo, kisomeo cha wino cha kampuni nyingine, ni hivohivo. KOReader ina matoleo yake ya mashine hizo, kwa Kobo ni kunakili mafaili kwa waya wa USB tu, kwa Kindle lazima kwanza uvunje kufuli la mfumo wake na hiyo inategemea toleo la mfumo lililomo. Ukitaka wino na Android kwa pamoja tafuta visomeo vya Boox. Niandikie modeli yako kamili pamoja na namba ya toleo, nitakujibu mwezi ujao.