Maporomoko ya Murchison kwa bajeti ndogo ukitokea Mwanza: nilivyosafiri mimi

Ndugu wa Nyegezi uliyeuliza kama laki tano na nusu pamoja na likizo ya wiki moja vinatosha kwenda kuyaona Maporomoko ya Victoria na kurudi, jibu langu ni kwamba havitoshi, ila vinatosha kuyaona maporomoko mengine makubwa ambayo mtu wa ziwani ana sababu zaidi ya kuyafuata.

Tuanze na jina, kwa sababu wengi hudhani Maporomoko ya Victoria yanahusiana na ziwa letu. Yako kwenye mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na hayapokei hata tone moja la maji ya huku. Majina yamefanana kwa sababu wapelelezi wawili wa Uingereza, Livingstone mwaka 1855 na Speke mwaka 1858, waliamua kumtukuza malkia wao yuleyule, Victoria. Kufika huko kwa basi, kupitia Tunduma na Lusaka hadi mji wa Livingstone, ni safari ambayo kwa wiki moja utaimaliza likizo yako ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukienda kwenye Oktoba au Novemba, sehemu kubwa ya upande wa Zambia hubaki mwamba mkavu.

Maji ya ziwa letu yenyewe hutoka Jinja, Uganda, yakapita Ziwa Kyoga, kisha kabla ya kuingia Ziwa Albert mto Nile unabanwa kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa takribani mita 7 tu na kuanguka mita zipatazo 43. Hayo ndiyo Maporomoko ya Murchison, kaskazini magharibi mwa Uganda. Mpelelezi mwingine wa Uingereza, Samuel Baker, alipofika mwaka 1864 aliyapa jina la mkuu wa chama cha wanajiografia wa Uingereza, na enzi za Idi Amin yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro. Kwa kuwa nyuma yake kuna ziwa zima linalolisha mto, hayakauki msimu wowote, hivyo huhitaji kubahatisha mwezi kama ilivyo kwa Zambezi.

Mimi nilikwenda mwezi wa Agosti, peke yangu, na nikatumia laki tano na elfu arobaini bila kuhesabu gharama ya pasipoti. Nauli na ada hubadilika, kwa hiyo sitakuandikia orodha ya bei itakayokupotosha. Nitakueleza pesa inakoponea na inakotafunwa.

Usiku wa kwanza niliupitisha melini. MV New Victoria huondoka bandari ya Mwanza Kaskazini usiku na kufika Bukoba asubuhi, na ukikata daraja la tatu unakuwa umelipia usafiri na malazi kwa tiketi moja. Beba shuka zito na kofia, maana upepo wa saa tisa usiku katikati ya ziwa haujali kwamba Mwanza ulikuwa unatoka jasho. Wapo watakaokwambia upande basi kwa kuwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko imekwisha. Ni kweli, na kama meli haiondoki siku unayoitaka, basi ni chaguo zuri. Lakini basi la mchana litakufikisha Bukoba jioni, na hapo utalipia gesti.

Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80. Mpakani wahamiaji wa nchi zote mbili wako mahali pamoja, nami nilimaliza kugongewa muhuri kabla konda hajamaliza chai. Nilikaguliwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hivyo usiiache nyumbani. Kosa langu lilitokea nje ya jengo. Kijana mmoja wa kubadilisha fedha alinihesabia noti za Uganda kwa kasi, akazichukua tena kana kwamba anazipanga vizuri, akazikunja na kunikabidhi. Nilipozifungua Kyotera, noti za elfu hamsini zilizokuwa tatu zilikuwa mbili. Badilisha dukani penye dirisha, tena ukishahesabu wewe, pesa zisirudi mkononi mwake kwa sababu yoyote ile.

Kampala sina mengi ya kusema. Nililala karibu na stendi, nikala chapati iliyoviringishwa na mayai, ile ambayo wenyewe huiita rolex, na hiyo ndiyo ikawa chakula changu cha asubuhi na mara nyingine cha jioni kwa safari nzima. Asubuhi nilipanda gari la Masindi, mji ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala. Lala Masindi. Malazi yaliyo ndani ya hifadhi ya wanyama yalimo maporomoko, au ukingoni mwa mto, ni mazuri, lakini gesti ya kawaida ya mjini itakugharimu sehemu ndogo sana ya bei hizo.

Sasa tunafika mahali bajeti inapovunjika. Kutoka Masindi hadi kwenye maporomoko hakuna usafiri wa umma wa kukufikisha, na kukodi gari peke yako kutakula karibu nusu ya fedha zako zote. Nilikaa siku nzima Masindi nikitafuta wenzangu, na sijutii siku hiyo. Mwenye gesti aliniunganisha na walimu wawili wa Kiganda na kijana mmoja kutoka Kisumu, tukagawana gari na mafuta kwa wanne, na dereva, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, akakubali kutusubiri hadi jioni. Kama una rafiki hata mmoja wa kwenda naye, mwambie sasa. Hakuna punguzo lingine katika safari hii litakalofikia hilo.

Getini mwa hifadhi onyesha pasipoti yako mapema na useme kwamba ni raia wa Afrika Mashariki, kwa sababu kiingilio chetu kinatozwa kwa shilingi ya Uganda na ni kidogo mno kukilinganisha na dola wanazotozwa wageni wa mbali. Mimi sikuweza kulipa kwa noti pale; dereva alilipa kwa simu yake, nikamrudishia taslimu. Uliza pia tiketi yako inadumu kwa saa ngapi, maana yangu ilikuwa ya saa 24, na mwenye hema angeweza kuitumia kwa siku mbili.

Neno moja kuhusu nguo. Nilivaa fulana ya bluu, na mbung'o wa msituni hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Walituingilia dirishani, wakawaacha walimu waliovaa kaki, wakanishughulikia mimi. Mbung'o hauawi kwa kofi moja kama mbu. Unampiga, anaanguka, unadhani yamekwisha, kisha anakuuma kisigino.

Juu ya maporomoko unayasikia kabla ya kuyaona, na kabla ya kuyaona tayari umelowa. Mto unakuja mpana, unaruka ngazi za mwamba, halafu unajikusanya na kuingia kwenye ule ufa kwa nguvu inayotikisa ardhi. Niliushika uzio wa chuma nikahisi ukitetemeka kiganjani. Nilikiona kipande cha gugu maji, kikubwa kama beseni, kikishuka polepole sawa na tunavyoyaona pale Kirumba, kikazunguka mara mbili juu ya mwamba, kisha kikamezwa. Nilikodoa macho chini kwa muda mrefu, sikukiona tena.

Kaskazini ya ufa huo kuna maporomoko ya pili, mapana na tulivu zaidi, na jina lake ni la Kiswahili: Uhuru. Mto ulijichongea njia hiyo kwenye mafuriko ya mwaka 1962, mwaka ambao Uganda ilipata uhuru wake. Wazee wa visiwani wanaikumbuka miaka hiyo ziwa lilipopanda na kumeza mashamba, na sisi tuliokuwepo 2020 tuliona ziwa likipanda tena hadi kwenye nyumba za ufukweni. Maji yale yale yaliyotusumbua huku, kule yalipasua mlima.

Mimi ninauza kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, pale soko la Mwaloni, kwa hiyo lipo jambo jingine lililonifanya nisimame pale kuliko wenzangu walivyotaka. Sangara hakuwa samaki wa ziwa letu. Alikuwa Ziwa Albert na sehemu za mto zilizo chini ya maporomoko, akashindwa kupanda kwa sababu ya ukuta ule wa maji, mpaka watu walipomhamishia huku juu miaka ya 1950. Viwanda vya minofu, biashara ya mabondo (vifuko vya hewa vya sangara) na mtaji wangu mimi vyote vimetokana na watu kumvusha samaki mahali ambapo yeye mwenyewe alishindwa.

Umeuliza pia kuhusu boti. Ipo inayotoka Paraa, mahali ndani ya hifadhi hiyo chini ya maporomoko, na kupanda mto hadi karibu na maporomoko, na njiani utaona viboko na mamba wengi, lakini bei yake ingenilazimu nirudi Mwanza kwa miguu. Kwa mwenye bajeti yako nashauri uende juu kwa gari, kisha ushuke kwa miguu njia inayoelekea chini, ambako unayaona maporomoko yote mawili kwa pamoja. Usiteremke bila askari wa hifadhi, na beba maji, kwa sababu kupanda kurudi ndiko kunakochosha.

Nilirudi kwa njia ileile, na nilipokata tiketi ya meli Bukoba nilibakiwa na elfu kumi na moja. Nikanunua ndizi za kupika mkungu mmoja, na konda wa daladala ya Mwanza akanitoza nauli ya mkungu.