Usihubiri agapao na fileo kabla hujafungua mistari yake

Ndugu, subiri kwanza. Umeandika kwamba Jumapili unahubiri Yohana 21: kati ya vitenzi viwili vya Kigiriki vya "kupenda", Yesu anauliza kwa agapao, upendo wa Kimungu usio na masharti, naye Petro anajibu kwa fileo, urafiki tu. Kisha ukaomba nikupe maumbo ya kitenzi agapao. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo nakuambia wazi: mahubiri hayo hayana mguu wa kusimamia.

Fungua 2 Timotheo 4:10. Dema alimwacha Paulo "akiupenda ulimwengu huu wa sasa". Kigiriki chake ni agapesas, agapao hiyohiyo. Luka 11:43, Mafarisayo wanapenda kukaa mbele katika masinagogi: agapao. Yohana 3:19, watu wakapenda giza kuliko nuru: agapao. Sasa nenda Septuajinta, lile Agano la Kale la Kigiriki, 2 Samweli 13. Amnoni alimpenda Tamari, kisha akambaka. Mstari wa 1 na wa 4 ni agapao, na mstari wa 15 una nomino yenyewe, agape. Nani atasimama madhabahuni aseme huo ni upendo wa Kimungu?

Geuza upande wa pili. Yohana 3:35 Baba ampenda Mwana kwa agapao; 5:20 Baba yuleyule, Mwana yuleyule, kwa fileo.

Wanaoniudhi ni walimu wa semina wanaogawa karatasi ya "aina nne za upendo" bila mstari mmoja wa ushahidi. Watu wanaichukua hivyohivyo hadi mimbarani. Shika hili: maana ya kitenzi haikai kwenye kichwa cha kamusi, inakaa kwenye mistari. Katika konkodansi, yaani faharasa ya maneno ya Biblia na mistari yake, tafuta namba za Strong, zinazotambulisha kila neno la lugha ya asili: 25 kwa agapao na 5368 kwa fileo. Ukitafuta neno "penda" utapotea, kwani Biblia ya Union imelitumia kwa vyote viwili. Agapao iko mara 143 katika Agano Jipya, fileo mara 25 tu. Hizo 25 unazimaliza jioni moja. Utaona pia fileo ikiwa "kubusu", Marko 14:44, ishara ya Yuda.

Tena hapohapo Yohana 21 maneno yanabadilishana: wana-kondoo na kondoo, lisha na chunga, hata "kujua" ni oida mara tatu, kisha ginosko. Mstari wa 17 unataja kilichomhuzunisha Petro: kuulizwa mara ya tatu. Alikana mara tatu. Na neno anthrakia, moto wa makaa, liko mahali pawili tu katika Agano Jipya: Yohana 18:18, Petro akiota moto huku anakana, na 21:9, pale ufukweni. Anzia kwenye makaa hayo.