Kumhama daktari wakati viungo vinauma

Msimu wa karafuu wa 2018 ndipo nilipojua kwamba mikono yangu haikuchoka tu. Kuchambua karafuu wanawake wa Pemba tunakujua tangu utotoni: unakaa juu ya jamvi usiku, unashika kishada, unakifikicha kiganjani, karafuu zinaanguka huku, makonyo unayatupa kule, na mazungumzo hayakatiki. Usiku ule vidole vyangu vilikataa kukunjika. Vifundo viwili vya mkono wa kulia vilivimba, na vile vile viwili vya mkono wa kushoto, kama vimeagana.

Nilikwenda kwa daktari aliyekuwa akimtibu mama yangu. Alinipiga sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, akanipa na vidonge, nikapata nafuu. Nikarudi, nikapewa tena. Baadaye akaniongezea vidonge vidogo vyeupe, na hivyo ndivyo vilivyonipa raha kweli kweli. Nikaendelea navyo zaidi ya miaka 2. Katika muda wote huo hakuwahi kuvigusa vifundo vyangu, wala kuniambia jina la maradhi. Nikiuliza, jibu ni hilo hilo: "Baridi hiyo, na kina mama mnajichosha."

Mbona nilikaa muda wote huo? Kwa stahi. Kisiwa chetu ni kidogo. Daktari utamkuta harusini, utamkuta sokoni, mkewe na wifi yako wanakaa darsa moja. Tena huyu alimuuguza mama mpaka mwisho wake. Nilihisi nikimwacha nitakuwa mtovu wa fadhila. Leo nakwambia wewe unayesoma na viungo vinakuuma: fadhila unamlipa mtu kwa dua na kwa salamu. Mwili wako si malipo.

Lakini kuna namna ya kuhama, na mimi nilianza kwa namna mbaya. Siku moja nilitoka kwake na hasira, nikasema sirudi tena, na vidonge vyake vyote nikaviweka juu ya kabati siku hiyo hiyo. Siku ya nne nikawa siwezi kusimama. Nikiinuka kizunguzungu, chakula hakikai tumboni, mwili umelegea kama nguo mbichi. Khalati yangu akadhani nina mimba. Nikapelekwa hospitali nyengine usiku, na daktari wa zamu akauliza swali moja: "Ulikuwa unatumia dawa gani?" Nikamjibu, "Vidonge vidogo vyeupe." Alinitazama kwa huruma tu. Vidonge vyeupe viko vingapi duniani? Mdogo wangu akarudi nyumbani usiku ule kufuata karatasi ya vidonge, na hapo ndipo nilipolisikia jina prednisoloni kwa mara ya kwanza.

Nilivyoelezwa ni hivi. Juu ya figo kuna tezi ndogo zinazotengeneza kitu kinachofanana na dawa ile, na mwili unakihitaji kila siku. Ukimeza prednisoloni kwa muda mrefu, tezi zile zinalala kwa kuwa kazi yao inafanywa na kidonge. Ukikiacha ghafla, kidonge hakipo na tezi bado zimelala, na mtu anaweza kufa. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa mpango wa daktari. Kwa hiyo hili naliweka mbele ya yote: mhame daktari ukitaka, lakini dawa zake usiziache mpaka uwe umekaa mbele ya daktari mpya na mmezungumza dawa moja moja.

Kosa langu la pili ni kuondoka kimya kimya. Nilipanda boti bandari ya Mkoani kwenda Unguja kuonana na daktari wa maradhi ya ndani, nikafikia kwa ami yangu Mjini, na mkononi sina hata karatasi moja. Picha za eksrei, majibu ya damu, tarehe, vyote vimebaki Pemba. Ikabidi vipimo vianze upya, na pesa zitoke upya. Faili la mgonjwa halipandi boti lenyewe likukute.

Daktari yule mpya, mama mtu mzima, akanishika mikono yote miwili na kubonyeza kifundo kimoja kimoja, huku akinitazama uso. Kisha akauliza, "Mwanangu, ukiamka asubuhi, vinachukua muda gani mpaka vikunjuke?" Nikamwambia saa nzima na zaidi, siku nyengine mpaka jua limepanda. Nilitokwa na machozi. Hakunifanyia kitu kikubwa, ila lile swali ndilo nililolingojea miaka yote. Akaniambia kukaza kwa asubuhi kunakochukua muda mrefu, vifundo vidogo, na pande mbili kwa pamoja, ni alama za baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili inavigeukia viungo vyake yenyewe. Neno baridi yabisi sisi tunalitumia kwa kila kiungo kinachouma, ndiyo maana maradhi haya yanajificha. Akanitahadharisha pia kwamba kipimo cha damu kikitoka hakina kitu haimaanishi huumwi, kwani wapo wenye maradhi haya na kipimo hakioneshi.

Nilimuuliza nifanye nini kuhusu faili langu, akaniambia nirudi kwa daktari wa mwanzo nikaliombe. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilipoingia nikasema, "Shikamoo daktari. Nakushukuru kwa ulivyonihudumia mimi na mama. Nimepata rai ya daktari mwengine kule Unguja, na anahitaji barua yako na nakala za vipimo." Akanyamaza kidogo, akavuta karatasi, akaandika. Ndiyo basi. Miaka 2 ya hofu ilimalizika kwa dakika 10. Bado nasema alipaswa kunipima, na hilo sitolificha, lakini barua aliiandika vizuri na dozi zote zimo. Kwa hiyo maneno yale niliyoyasema mimi yachukue kama yalivyo uyatumie.

Tangu hapo nina daftari la skuli, lile la kurasa 40, halitoki mkobani. Jina la kila dawa nalinakili kama lilivyoandikwa kwenye boksi, herufi kwa herufi, na kiasi, na tarehe niliyoanza, na kwa nini niliacha. Naandika na hijama, na habasoda, na unga niliopewa na jirani. Usione haya kumwambia daktari hayo. Kuna unga usio na jina unaouzwa mitaani, unaondoa maumivu kwa siku moja, na baadhi yake umewahi kukutwa umechanganywa na dawa za jamii ya prednisoloni.

Daftari hilo liliniokoa. Daktari alinianzishia methotreksati, dawa inayomezwa mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki, naikariri kwa makusudi. Mimi siku yangu ni Ijumaa, na vidonge vya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hii, naambiwa nivimeze siku nyengine. Kwenye duka la dawa kijana akanipa bahasha ameandika "moja kila siku". Nilifungua daftari pale pale, nikamwonesha, akashtuka akabadilisha. Dawa hii ukiimeza kila siku inaharibu uboho unaotengeneza damu, na inaua. Pia haifai kabisa kwa mwanamke mwenye mimba au anayetafuta mimba, na inataka kipimo cha damu na cha ini kila mara. Ukihamia kwa daktari mwengine huku unaitumia, mtajie kabla hajakuandikia chochote.

Ipo hatari nyengine ya kuwa na madaktari wawili. Huyu anakupa diklofenaki, yule anakupa ibuprofeni, nawe unameza zote ukidhani ni dawa mbili tofauti. Ni jamii moja. Zinachoma tumbo na kuchosha figo, na zikikutana na prednisoloni hatari ya vidonda vya tumbo inazidi.

Sasa niseme upande wa pili, maana nimeshaona wenzangu wanahama madaktari kama wanaobadilisha daladala. Methotreksati haifanyi kazi kama panadoli. Inachukua wiki 6 mpaka 12 kabla hujaona tofauti. Wiki ya tatu mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nimeanza kuulizia daktari wa tatu. Angekuwepo karibu ningekwenda, na ningeiacha dawa inayonifaa leo. Daktari aliyekupima, akakutajia maradhi, akakueleza dawa itachukua muda gani, huyo mpe muda aliouomba. Asiyekugusa, asiyeuliza, anayekupiga sindano ile ile mwezi hadi mwezi bila kukuuliza habari za tumbo wala kupima figo, huyo usimngojee miaka 2 kama mimi.

Na kabla hujaenda, ukiamka asubuhi ipige mikono yako picha kwa simu. Uvimbe wa alfajiri ukifika saa sita mchana umeshapungua, na daktari ataona mikono mizima. Picha 5 za asubuhi 5 zilinisaidia kuliko maelezo yangu yote.

Mwaka jana nilimkuta daktari wangu wa mwanzo kwenye harusi Wete. Akaniuliza habari za mikono, nikavikunja vidole akaona vinakutana na kiganja. Akauliza napewa nini, nikalitoa daftari. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza zile dawa za Ijumaa nazinunua duka gani, kwani ana mgonjwa.