Pikipiki ikikutoka mlimani, umebaki na nini? Majibu kwa wasomaji

Theluji imejaa Alberta na British Columbia, majimbo ya Kanada, na wasomaji wanaoendesha pikipiki za theluji mbali na njia zilizochongwa wametuandikia mengi. Tumechagua machache. Karibu majibu yote yanarudi kwenye jambo moja: unapofunga vifaa vya dharura, chukulia kwamba pikipiki hutakuwa nayo.

Nimenunua boksi la kufunga nyuma ya kiti. Vifaa vyangu vyote vya dharura vinaenea humo, hata beleshi. Kuna ubaya? (Calgary)

Upo, tena mkubwa. Poromoko la theluji likikukumba, wewe unatupwa huku, pikipiki inapelekwa kule, na mara nyingi inafukiwa na boksi lake. Hata siku isiyo na poromoko, pikipiki inaweza kukuponyoka ikateremka korongoni usikoweza kuifuata.

Anza na vya mwilini. Bikoni, yaani kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kukutafutia ukifukiwa, inavaliwa chini ya koti la nje. Chombo cha setilaiti cha kuitia msaada, kiberiti, kisu na filimbi vikae kwenye mifuko yenye zipu. Begi la mgongoni libebe beleshi, ufito wa kukunja wa kuchomea theluji, tochi ya kichwani, koti la manyoya ya bata, glavu nzito za akiba, mfuko wa dharura wa kulalia, msumeno wa kukunja na huduma ya kwanza: bandeji kubwa, banzi laini na turniketi, yaani mkanda wa kukaza wa kuzuia damu. Boksi libaki na vitu ambavyo ukivikosa utasumbuka lakini hutakufa, kama zana, belti ya akiba ya injini, kamba, mafuta, turubai na sufuria. Viatu vya kutembelea juu ya theluji ukiweza kuvifunga mgongoni, vifunge. Dakika 15 za pikipiki kwa mwendo wa km 40 kwa saa ni km 10, na kilomita hizo kumi kwa miguu, theluji ikiwa kiunoni, zinaweza kukumalizia siku nzima.

Beleshi tunalisisitiza kwa sababu aliyefukiwa ana dakika 10 hivi kabla nafasi yake ya kupona haijaanza kuporomoka. Poromoko likisimama, theluji inakaza. Mikono haiichimbi, na beleshi la plastiki hudunda au kuvunjika. Nunua lenye bapa la alumini na mpini wa kurefusha. Ufito uwe wa sm 300. Uchome ukiwa pembe mraba na uso wa theluji, mizunguko ikipanuka kwa sm 25, na ukimgusa mtu usiuchomoe. Kisha usichimbe shimo la kwenda chini juu yake. Shuka upande wa bondeni, mbali mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, uchimbe kumwelekea.

Angalizo moja la upangaji: nguo laini zilalie uti wa mgongo, msumeno na mpini wa beleshi vikae upande wa nje. Ukianguka chali utaelewa kwa nini.

Mke wangu amenizawadia glavu za kupasha joto kwa betri. Rafiki anasema zitavuruga bikoni. Kweli? (Edmonton)

Kweli. Bikoni zote za poromoko hutumia masafa ya kHz 457, na kifaa chochote cha umeme kilicho karibu kinaweza kuziba au kupotosha mawimbi hayo. Bikoni ikiwa inatoa mawimbi, simu, kamera na betri viwe mbali nayo angalau sm 20. Ikiwa inatafuta, sm 50. Glavu za umeme ndizo zinazoleta shida zaidi wakati wa kutafuta, maana mkono ulioishika bikoni ndio wenye betri. Zivae njiani, lakini anayetafuta azivue avae za kawaida. Injini nazo zizimwe zote, na uanze kutafuta ukiwa umejitenga na pikipiki. Vinginevyo bikoni inaweza kukuonyesha mshale wa mtu asiyekuwepo.

Betri ziwe alkalini mpya, aina moja, si za kuchaji, ila kama mtengenezaji ameruhusu kwa maandishi. Nyingi za kuchaji hushika kiwango halafu zikaanguka ghafla, kwa hiyo asilimia unayoiona kwenye kioo haikusaidii. Asubuhi, kabla hamjapanda, mmoja asimame mbele na wengine wampite mmojammoja, asikie bikoni ya kila mtu. Msimu ukiisha toa betri, zisije zikavuja ndani.

Simu yangu mpya inatuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Si inatosha? (Kelowna)

Ni akiba nzuri, lakini usiitegemee peke yake. Simu hizo, mfano iPhone kuanzia 14, zinahitaji anga wazi, zielekezwe kwenye setilaiti, na vidole vitoke kwenye glavu. Baridi nayo inamaliza betri upesi. Chombo cha setilaiti kama inReach kina kitufe cha SOS na unaweza kuandikiana na waokoaji, kwa malipo ya usajili. Bikoni ya MHz 406, ambayo huita waokoaji kupitia setilaiti na si ile ya poromoko, haina ada na betri yake hudumu miaka, ila lazima uisajili, na kwa kawaida haikuwezeshi kueleza kilichotokea. Sisi tungechukua cha kuandikiana: waokoaji wakijua ni paja lililovunjika, wanakuja wamejiandaa.

Na jambo ambalo wengi wetu tulio ugenini hatulijui: British Columbia vikosi vya utafutaji na uokoaji havimtozi mtu. Usichelewe kuomba msaada kwa kuogopa bili. Lakini helikopta hairuki kirahisi gizani wala kwenye wingu zito, kwa hiyo kujibiwa hakumaanishi utalala nyumbani.

Zana gani, na mafuta kiasi gani? (Prince George)

Belti moja yenye namba ileile ya modeli yako. Ukinunua mpya, itumie kwanza kwa mwendo wa taratibu mpaka izoee, kisha ile iliyozoea uifanye akiba. Belti ikipasuka, nyuzi zake huzunguka kwenye klachi. Zitoe zote kabla ya kufunga nyingine, la sivyo nayo itakatika. Plagi seti nzima pamoja na spana yake, bisibisi, plaizi, tai za plastiki, tepu nzito, kamba ya kuvutia, ufunguo wa akiba, na lita moja ya oili kama injini ni ya mipigo miwili. Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya shida. Theluji laini ya kina inakunywa mafuta kuliko njia iliyochongwa, kwa hiyo usihesabu kwa kilomita za bondeni.

Mwanangu anatumia insulini na anataka kwenda na wenzake. Aibebe vipi? (mama, Edmonton)

Mama, shikamoo. Insulini ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Aivae kwenye kifuko chini ya nguo, isigusane na vibandiko vya kupasha joto. Kipima sukari akae nacho hapohapo. Glukosi ya kutafuna iwe mifukoni mwake na mwa mwenzake mmoja, na wote wajue dalili za sukari kushuka, kwa sababu kutetemeka na kuchanganyikiwa hufanana na kupoa mwili kupita kiasi.

Giza likitukuta huko, tuanze na nini? (Revelstoke)

Amueni kulala mapema, mwanga ungalipo. Watu hupoteza saa la mwisho wakichimbua pikipiki, wakaloa jasho. Badilisha fulana iliyoloa. Pamba usiivae kabisa, vaa sufu au sintetiki. Chimbeni mtaro, tandikeni matawi mengi ya msprusi (mti wa jamii ya msonobari), maana theluji ya chini inakunyang'anya joto usiku kucha. Mkijifunika, acheni tundu la hewa, na injini isiwashwe karibu.

Moto ujengwe juu ya magogo mabichi, la sivyo unajizamia, na usiwe chini ya tawi lililobeba theluji. Vijiti vikavu viko kwenye matawi ya chini yaliyokufa. Kiberiti cha gesi kikipoa hadi nyuzi 0 hugoma, kwa hiyo kikae kifuani, na kiwepo cha njiti kisichoingia maji. Ukiyeyusha theluji, tanguliza maji kidogo sufuriani isiungue.

Sisi tunapita ziwani tu. Je? (Winnipeg)

Barafu mpya iliyo angavu iwe na angalau sm 13 kwa pikipiki moja. Nyeupe inahitaji unene maradufu. Vaa shingoni jozi ya misumari ya barafu. Ukizama, geukia upande uliotokea, choma misumari, piga miguu mpaka utoke, kisha bingirika. Usisimame mpaka uwe mbali na tundu.